Usinunue kabureta bado

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema Hilux ikiwa silensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inatetemeka mpaka vioo vya pembeni vinacheza, na ukikanyaga mafuta inasita kwanza, kama mtu aliyeamshwa usingizini, ndipo inaondoka. Fundi kasema kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, imekufa, utoe laki tatu. Usitoe kwanza.

Iulize injini yenyewe. Ile 22R ina silinda nne tu, haifichi mambo. Iwashe, ipate moto, kisha chukua koleo lenye mpini mzito wa plastiki, uchomoe waya wa plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli, mmoja mmoja na kuurudisha upesi. Ukichomoa injini ikazidi kuyumba, silinda hiyo inafanya kazi. Ukichomoa na isijali, umempata mvivu. Usishike kwa mkono mtupu. Mimi nilishika, mkono ukafa ganzi mpaka saa ya chakula.

Ukishazima na injini ikapoa, fungua plagi zote uzisome. Rangi ya kahawia hafifu, nzima. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, mafuta ni mengi kuliko hewa. Ikiwa imelowa oili, nipigie simu. Zote nne zikiwa na masizi, kumbuka gari hiyo niliirekebishia Morogoro, na wewe unabebea viazi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, lakini kabureta haina habari, inamimina petroli kwa mazoea ya Morogoro.

Kama mbovu ni moja tu, subiri usiku. Fungua boneti gizani injini ikiunguruma. Ukiona cheche za bluu zinarukaruka juu ya waya, umeme unavuja njiani kabla ya kufika kwenye plagi.

Kisha tafuta hewa ya wizi. Weka maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia, nyunyiza kidogo kidogo pale kabureta inapokalia manifoldi, yale mabomba ya kuingilia silinda, na kwenye mipira yote, pamoja na ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki, lile kopo linalosaidia mguu wako kwenye breki. Sauti ikibadilika ghafla, hapo ndipo inapovuta hewa. Distributa, inayogawa umeme kwa plagi, usiiloweshe. Wapo mafundi wanaonyunyiza petroli. Muulize mama yako nyusi zangu zilikwenda wapi.

Kule kusita ndiko ninakokushuku zaidi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia kooni mwa kabureta, halafu vuta kwa mkono ule wenzo wa mafuta ulio kwenye kabureta, kama vile umekanyaga pedali. Palepale lazima mchirizi wa petroli uruke, mwembamba na wenye nguvu. Ukikanyaga mafuta ghafla hewa inaingia kwa kasi na petroli inabaki nyuma. Kuna kipampu kidogo ndani ya kabureta ambacho kazi yake ni kuziba pengo hilo. Ukiona tone la kivivu, au mchirizi umechelewa, mpira wake umekauka au tundu lake limeziba uchafu. Hiyo ni kazi ya kusafisha na kubadilisha mipira, haifiki kununua kabureta nzima. Na fundi akikataa kukuonyesha mchirizi huo, tafuta mwingine.

Tapeti nazo, yaani ule upenyo mdogo kwenye vali, zipimwe, injini ikiwa ya moto: za kuingiza milimita 0.20, za kutolea moshi 0.30. Nilizipima mwisho kabla hujaichukua gari, na umeshapanda nayo milima mingi.

Nyaya ukizirudisha, mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2, namba moja iko mbele, upande wa rejeta. Ukichanganya utalaumu kabureta bure.

Plagi weka mpya nne, pengo la cheche milimita 0.8. Za zamani usitupe. Zifunge kwenye gazeti, kila moja uandike namba ya silinda yake, umpe kondakta wa basi la Jumamosi. Nitakuwa stendi.

Baba yako