Barua kwa mwanangu anayekwenda Zurich

Tanga, Ngamiani

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Naandika kwa mkono wa kulia; wa kushoto nimeulaza juu ya karatasi isipeperushwe na feni. Kwa kazi hiyo bado unafaa.

Mama yako kanieleza ulivyojibu kwenye usaili. Walipokuuliza kwa nini unataka kusomea roboti za kuwafanyisha mazoezi watu waliopatwa na kiharusi, ukasema: kwa sababu ya baba. Mama alifurahi mpaka akalia. Mimi sikulala. Kwenye simu ungenikatiza kwa kunibembeleza, ndiyo maana nimeshika kalamu. Usinifanye mimi kuwa sababu.

Zile karatasi ulizonichapia nimezisoma, zenye herufi ndogo kanisomea mtoto wa dada yako. Nimeona kwamba Lokomat, ile mashine ya kuwafundisha wagonjwa kutembea, ilizaliwa huko huko unakokwenda, kwenye hospitali ya Balgrist. Mgonjwa anafungwa mishipi, uzito wake unapunguzwa kwa kuning'inizwa, miguu inavalishwa vyuma vinavyoitembeza juu ya mkanda unaozunguka. Zamani kazi hiyo ilifanywa na wahudumu walioinama, kila mmoja na mguu wake, mpaka mgongo ukaomba msamaha. Hilo nimelipenda. Nakumbuka mgongo wa yule kijana aliyekuwa akinishika mimi.

Lakini mimi ni fundi cherehani kwa miaka 38 sasa, na kuna jambo nalijua kwa miguu. Mwanafunzi mpya nikimkalisha kwenye cherehani kisha nikazungusha gurudumu mwenyewe kwa mkono, miguu yake itapanda na kushuka juu ya pedali vizuri kabisa. Mpita njia atasema huyu kashajua. Nikiondoa mkono tu, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Miguu ilikuwa abiria. Uliponieleza kuwa mashine zenu za mwanzo zilikuwa na ugonjwa huo huo, mgonjwa anajiachia nazo zinamtembeza, na kwamba siku hizi mashine inafundishwa kusaidia pale tu anapokwama, nilijisikia fahari sijui kama ni yako au yangu. Unagusa gurudumu kidogo, unaachia. Anakosea, unamwacha akosee. Kuachia ndiko kugumu.

Halafu ule utafiti wa Waingereza wa roboti za mkono. Watu 770 wa kiharusi, majibu yakatoka mwaka 2019. Mazoezi ya dakika 45, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 12. Wa roboti mikono yao ilisogea vizuri kidogo kuliko ya wale waliopewa huduma ya kawaida, lakini ikija kwenye kazi za mkono, kushika na kuinua kitu, hawakuwazidi. Ulipofika hapo sauti yako ilishuka. Kwa nini ishuke? Mkono unaosogea lakini haufungi kifungo cha shati, mwenye mkono anaujua. Utafiti wako nao ukileta jibu kama hilo, liandike lilivyo. Najua utataka kuliandika. Ninachoogopa ni kwamba utaniona mimi nimekaa kwenye hicho kiti, utatamani mashine ishinde kwa ajili yangu. Fundi akimshonea mzazi wake hukata kwa mazoea, hapimi. Nimeyafanya hayo kwa kanzu ya babu yako, ikambana kwapani, na hakusema kitu.

Mama anasema uliwaambia pia kuwa kwa baba mazoezi yote ya mkono yalifanyika na bado vidole havikufunguka. Na lile daftari la mistari umelitunza, la kuhesabia nilivyominya mpira wa vitambaa, mara 100 asubuhi, mara 100 jioni. Usiliamini sana. Mtoto wa dada yako alikuwa anapenda kuchora ile mistari, na mimi siku nyingine nilikuwa nimechoka. Siku nyingi. Wewe uko chuoni Moshi, kila Ijumaa unapiga kuuliza hesabu, na nikikutajia hesabu nzuri nasikia unavyopumua. Juzi uliposema roboti inahesabu yenyewe kila mwendo na nguvu aliyotia mgonjwa, nilinyamaza, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia.

Ni vizuri ihesabu. Ila na mgonjwa naye muulize, na usimuulize kwa sauti ile ya Ijumaa.

Nenda. Radhi zangu unazo, ulikuwa nazo hata siku ile ulipoacha kazi ya mshahara wa uhakika nikasema vyuma havijamponya mtu. Nilisema mengi siku ile. Lakini na wewe hukuja Idd mbili mfululizo, na simu ulikuwa unampigia mama yako, mimi napewa salamu. Nenda kwa sababu kazi unaiweza, mikono yako inajua kushika mtu bila kumtia hofu, nami nimeshikwa na mikono mingi. Hiyo inatosha kuwa sababu. Wakikuuliza tena, sema hivyo, mimi niache nje.

Koti lako nimelikata mwenyewe, mwanafunzi kashikilia kitambaa. Ndani lina tabaka mbili, na vifungo nimechagua vikubwa ili uvifunge bila kuvua glavu. Usimpe fundi wa huko alipunguze mabegani. Cherehani ya pili nimemkodisha huyo mwanafunzi kwa hesabu ya wiki, analipa. Bati la jikoni bado linavuja pale pale, shemeji yako kaahidi Jumapili. Paka kazaa ndani ya kapu la vitambaa, watatu.

Mama yako anauliza kama pilipili ya unga inaruhusiwa kwenye ndege, na kama wataifungua. Mjibu mapema, keshaanza kuitwanga.

Baba yako