PET isiishie Nairobi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nikisikia watu wakisema eti Kenya sasa tuko sawa na hizi skani za PET, zile picha za kutafuta kansa mwilini kwa dawa yenye mionzi, najiuliza ni Kenya gani hiyo. Ni kweli Aga Khan Nairobi wanayo tangu 2018, na hospitali ya Kenyatta University nayo ikafungua kituo chake, tunashukuru sana manake kabla ya hapo watu walikuwa wanaenda India kwa hii kitu. Lakini zote mbili ziko Nairobi na pembeni yake.

Mashine si shida kubwa kama dawa. Ile sukari yenye mionzi unayodungwa ndio kansa iifyonze ionekane kwa picha inatengenezwa na saiklotroni, mtambo mkubwa wa kutengeneza vitu vyenye mionzi, hukohuko Nairobi, na kila dakika 110 nusu yake inaisha. Ikitoka saa mbili asubuhi, saa sita kasoro dakika ishirini imebaki robo. Sasa ipakie kwa gari mpaka Kisumu uone itafika na nini. Basi anasafiri mgonjwa. Mzee wetu mwenye kansa ya mapafu alipanda basi la usiku, akafika akiwa hajala, akadungwa akaambiwa akae karibu saa nzima asiongee asitafune kitu, sababu misuli ikifanya kazi nayo inakula ile sukari na picha inaharibika, na huyo ni mtu mgongo unamuuma hajalala usiku kucha, atatuliaje jamani?

Kuna jenereta ya galiamu, si ile ya umeme, ni kifaa cha kukaa mezani tu, kinatoa galiamu yenye mionzi ya kutengenezea dawa ya picha palepale hospitalini karibu mwaka mzima bila saiklotroni. Kwa kansa kama ya mzee haitoshi, nakubali, lakini kwa tezi dume, kansa inayoongoza kwa wanaume hapa Kenya, inaonyesha hadi kauvimbe kadogo kwenye mfupa. Marekani waliidhinisha dawa hiyo ya galiamu 2020, alafu 2022 wakaidhinisha ya lutetiamu, dawa ya kutibu kwa mionzi, ambayo inafuata njia ileile hadi kwenye seli na kuzichoma, yaani unatibu kile ulichokiona.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya, kamera ya PET inayofuata ije Kisumu na jenereta yake, na pesa ya kubadilisha hiyo jenereta na kusomesha wafamasia wa mionzi iwe kwa bajeti kabla mashine haijanunuliwa. Mombasa nao wasisahaulike.

Msomaji wenu, Kisumu