Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu wa Süleymaniye

Ndugu wanachama, assalamu alaykum.

Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia ziara za Msikiti wa Süleymaniye, kwani ndizo zilizotushughulisha zaidi mwaka huu.

Sisi tunaoishi Istanbul tumezoea kuuona kutoka kwenye feri, umekaa juu ya kilima cha tatu cha mji, nasi tukaridhika na kuuona tu. Sultani Suleiman alimkabidhi msanifu wake mkuu, Mimar Sinan, kazi ya kuujenga mwaka 1550, na mwaka 1557 ikakamilika. Kilima kina mteremko mkali, hivyo ilibidi kwanza zijengwe kuta nene za kuzuia udongo, ndipo pakapatikana uwanja tambarare. Kuba imefika mita 53 juu. Uzito wake umebebwa na nguzo nne kubwa pamoja na nusu kuba mbili, moja upande wa kibla na nyingine upande wa mlango. Zile kuta nzito za kuegemeza jengo Sinan amezizamisha ukutani, nusu ndani nusu nje, akazifunika kwa roshani, usipoonyeshwa huzioni. Minara ni minne na roshani zake kumi, kwa sababu Suleiman alikuwa sultani wa nne tangu Istanbul itekwe na wa kumi katika ukoo wa Othman.

Kilichonigusa kuliko vyote ni masizi. Moshi wa taa za mafuta ulivutwa na mkondo wa hewa hadi kwenye chumba kilicho juu ya mlango mkuu, na masizi yake yakatengenezwa wino. Msikiti ulizungukwa pia na madrasa, hospitali, hamamu na jiko la kulisha maskini na wasafiri. Sisi tuliofika mji huu na begi moja tunajua thamani ya jiko la namna hiyo.

Moto wa mwaka 1660 na tetemeko la 1766 viliuumiza. Ukarabati mkubwa wa karibuni ulimalizika 2010.

Jambo moja hatukulitimiza: karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Wageni wetu kutoka nyumbani bado wanapiga picha na kuondoka, na hilo linaniuma. Wanaosoma usanifu, na wanaokijua Kituruki vizuri, naomba wabaki baada ya kikao tugawane kazi.

Kaburi la Sinan ni dogo, liko pembeni, nje ya ukuta. Kamati inapendekeza ziara ya kwanza ya mwaka ujao ianzie hapo, kwa dua.