Malalamiko kuhusu tiketi za mapema za Avengers: Doomsday

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Majumba ya Sinema,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja Mkuu,

YAH: MASHARTI YA KIFURUSHI CHA TIKETI ZA MAPEMA, NA KUKATIZWA KWA FILAMU KABLA YA MWISHO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa miaka mingi. Ninaandika kulalamikia kifurushi mnachokiuza sasa kwa ajili ya Avengers: Doomsday, filamu ya mashujaa ya studio ya Marvel iliyotangazwa kwamba itatoka tarehe 18 Desemba 2026. Ninalalamikia pia tabia ya ukumbi wenu ya kuwasha taa na kuzima mtambo wakati filamu bado inaendelea. Kwangu haya ni lalamiko moja, kwa maana yote mawili yanaonyesha kuwa mkishapokea hela ya mtazamaji, hamjali tena anachokuja kukitazama.

Nianze na kifurushi. Bango lenu limesimama kando ya kaunta ya bisi, limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba shabiki wa kweli halipi mlangoni. Nililipia watu wanne kwa simu, shilingi 25,000 kwa kila mmoja: tiketi, bisi, soda, na kikombe chenye picha ya Doctor Doom, adui mkuu wa filamu hii, kitakachotolewa siku ya onyesho. Kwenye bango hakukuwa na sharti lolote. Masharti nimeyakuta nyuma ya risiti, baada ya hela kuondoka, kwa maandishi madogo yaliyofifia: fedha hairudishwi kwa sababu yoyote ile, ikiwemo mabadiliko ya tarehe. Nilipomuuliza binti wa kaunta, alinijibu kwa heshima, "Dada, mfumo haunipi sehemu ya kurudisha hela." Simlaumu. Mfumo huo hakuutengeneza yeye.

Ndugu Meneja, mnajua kama ninavyojua kwamba filamu hii imeshahamishwa tarehe mara moja. Ilikuwa itoke tarehe 1 Mei 2026, ikasogezwa hadi Desemba, na inayofuata baada yake, Secret Wars, ikasogezwa nayo hadi Desemba 2027. Kabla ya hapo hata jina lilikuwa lingine. Mwaka 2022 tulitangaziwa The Kang Dynasty. Tukaandaliwa adui mpya anayeitwa Kang, tukamfuata hadi kwenye filamu ya Ant-Man ya mwaka 2023. Desemba mwaka huo huo mwigizaji wake, Jonathan Majors, akatiwa hatiani mahakamani New York na studio ikaachana naye, hadithi yote ikabaki njiani. Julai 2024 ndipo mwigizaji Robert Downey Jr. alipopanda jukwaani kwenye mkutano wa mashabiki San Diego, akavua kinyago, tukaambiwa adui sasa ni Doom. Filamu yenye historia ya namna hiyo ndiyo mnayotuuzia kwa sharti kwamba ikisogezwa tena, hasara ni yetu. Studio haiwezi kuwaahidi ninyi tarehe isiyobadilika, nanyi mnajua hivyo. Ndiyo maana mkaliweka lile sharti.

Naomba pia mwelewe hali ya watazamaji wenu, kwa sababu bango lenu linaonyesha kuwa hamuielewi. Katika kundi langu la watu tunaokuja pamoja hakuna hata mmoja mwenye hamu isiyo na shaka. Shemeji yangu anasema kumrudisha Downey, ambaye kama shujaa Tony Stark, yaani Iron Man, alikufa mbele ya macho yetu mwaka 2019, ni kukubali kwamba mawazo yamewaishia. Mdogo wangu anasema kinyume kabisa: uso uleule tulioulilia ukirudi kama adui, Avengers watapigana huku mioyo inauma, na sisi tutatazama huku mioyo inauma. Nimewasikiliza wote wawili na nawaona wote wana hoja. Mimi mwenyewe nalia na jambo jingine. Mhusika Sam Wilson alikabidhiwa ngao ya shujaa Captain America, akapewa filamu yake Februari 2025, na kwa sisi huku haikuwa jambo dogo kumwona mwigizaji mweusi, Anthony Mackie, ameishika. Kisha Desemba ya mwaka huohuo kikatoka kionjo kinachosema Steve Rogers, yule Captain America wa kwanza anayeigizwa na Chris Evans, atarudi. Nampenda Evans, lakini nahofia Sam atasukumwa pembeni kabla hajapewa nafasi ya kuwa steringi kwa haki.

Na bado nataka kuiona. Machi 2025 studio ilirusha matangazo ya moja kwa moja ya zaidi ya saa tano, kazi yake ikiwa ni kuonyesha viti vyenye majina ya waigizaji migongoni, kimoja baada ya kingine, hadi vikafika 27. Letitia Wright na Winston Duke, wanaoigiza Shuri na M'Baku wa nchi ya kubuni ya Wakanda katika Black Panther, wamo. Mama yangu mdogo, ambaye hawezi kutofautisha Thor na Loki, anakuja kwa sababu ya Wakanda tu. Mwaka 2018 alivaa kitenge kuja kutazama Black Panther kwenye ukumbi wenu, akampigia makofi Lupita Nyong'o kila alipotokea, kama binti wa jirani aliyefaulu mtihani. Chadwick Boseman, aliyeigiza Black Panther mwenyewe, alipofariki Agosti 2020, mama huyo alikaa kimya siku nzima. Alirudi kwenye ukumbi wenu Novemba 2022 kutazama filamu ya pili, kumsindikiza Boseman, na anasema lazima ajue Shuri na M'Baku wanaishia wapi. Mtu huyo si wa kuambiwa na bango kama ni shabiki wa kweli au si wa kweli.

Shaka yetu haikutoka hewani. Avengers: Endgame ya mwaka 2019 iliingiza karibu dola bilioni 2.8 duniani kote. The Marvels ya 2023 iliishia kama dola milioni 206. Mwaka 2025 zilitoka filamu tatu za studio hiyo na hakuna hata moja iliyofika milioni 600, ingawa Thunderbolts ilisifiwa na wakosoaji wengi, na kwa maoni yangu ilistahili. Katikati ya hapo, mwaka 2024, Deadpool na Wolverine walivuka bilioni 1.3. Kwa hiyo watu hawajazichoka filamu za mashujaa. Wamekuwa waangalifu: wanasubiri, wanauliza waliotangulia kuona, ndipo wanatoa hela. Bob Iger mwenyewe, wakati huo mkuu wa Disney, kampuni inayomiliki studio hiyo, alikiri hadharani kwamba walitengeneza vingi mno na ubora ukashuka, wakapunguza idadi. Ikiwa mwenye mali amekiri hivyo, mteja wa Dar es Salaam anayetaka kusubiri hadi siku ya onyesho ana kosa gani?

Kifurushi chenu kimetengenezwa kumnyima mteja huyo uangalifu wake. Na kinamwadhibu zaidi mwenye familia, ambaye laki moja kwake ni matumizi ya nyumbani. Mnakiita cha familia, mmechora watoto kwenye bango, lakini mnajua kwamba kila filamu inayoonyeshwa hapa nchini lazima kwanza ikaguliwe na Bodi ya Filamu na kupewa daraja. Doomsday haijakaguliwa. Hakuna kati yenu wala sisi anayejua leo mtoto wa umri gani ataruhusiwa kuingia. Katika watu wanne niliowalipia, mmoja ana miaka tisa. Daraja likitoka na yeye akazuiwa mlangoni, nyuma ya risiti panasema hela yake haitarudi. Hili ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kunung'unika nyumbani.

Sasa la kukatizwa. Mei 2025 nilikuja kutazama Thunderbolts, onyesho la jioni, ukumbi umejaa nusu. Filamu nyingi za studio hii zina kipande cha mwisho kinachokuja baada ya majina yote ya walioitengeneza kupita, na mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye ukumbi wa sinema anajua. Majina yalikuwa bado yanapanda, taa zikawashwa zote kwa mpigo. Mlango wa pembeni ukafunguliwa, wakaingia vijana wawili na mfagio na mfuko mweusi wa taka, wakaanza safu ya juu kushuka chini, wakiokota vikombe katikati ya miguu yetu. Tulibaki wachache tumekaa. Kijana mmoja akasema kwa upole, "Samahani wazee, onyesho la saa tatu linaingia." Kisha pazia likawa jeupe. Majina yalikatwa katikati, sauti ikakatika nayo.

Kipande tulichonyimwa si pambo. Kiliongozwa na ndugu Russo, Anthony na Joe, walewale wanaoongoza Doomsday, na ndicho kinachounganisha hadithi hizo mbili: chombo cha Fantastic Four, kundi jingine la mashujaa, kinaonekana kinaingia kwenye anga la dunia hii. Yaani mlizima mlango wenyewe wa filamu mnayonidai niilipie miezi kabla. Nilikuja kukiona baadaye kwenye simu ya mtu, kimerekodiwa kwa mkono unaotetemeka kwenye ukumbi wa nchi nyingine, na kichwa cha mtazamaji kimeziba robo ya picha. Mimi ni miongoni mwa wale wanaokataa kuijaza flashi kwenye maktaba za muvi za mtaani, kwa sababu nataka filamu niione ilivyokusudiwa na walioitengeneza walipwe. Mnapoikata, mnanipeleka huko huko ninakokataa kwenda.

Vijana wa usafi hawana hatia. Ratiba yenu ndiyo yenye tatizo. Mnabana maonyesho hadi kati ya moja na jingine hapabaki nafasi ya kufagia, halafu muda wa kufagia mnautoa kwenye filamu ya mteja aliyelipa. Majina yale yanayopita ni ya watu waliofanya kazi, mafundi wa umeme, washonaji, wachora picha za kompyuta usiku na mchana. Hata kama kusingekuwa na kipande cha mwisho, mwenye kutaka kukaa hadi mwisho ana haki ya kukaa gizani.

Nilimweleza msimamizi wa zamu jioni ileile. Aliandika kwenye daftari. Sijapata jibu hadi leo, na jambo hilohilo limemkuta mdogo wangu Julai iliyofuata, kwenye Fantastic Four, ambako Doom mwenyewe anaonekana kwa mara ya kwanza wakati majina yameanza tu kupita. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, taa zimewaka, anatazama picha iliyopauka kwa mwanga.

Ninachoomba ni hiki. Nirudishiwe shilingi 100,000 nilizolipa, kwa njia ileile ya simu, kwa sababu masharti hayakuonyeshwa kabla ya malipo. Sina nia ya kususa filamu. Nitakuja na kulipa mlangoni, au nitalipa mapema siku masharti yatakapokuwa ya haki. Haki kwangu ni kwamba tarehe ikihamishwa mteja achague kati ya tarehe mpya na hela yake, daraja likimzuia mtoto hela ya mtoto irudi yote, na mtu aweze kujitoa hadi siku chache kabla ya onyesho, maana kiti chake mtakiuza tena wala hamtapata hasara. Masharti hayo yaandikwe kwenye bango lenyewe, kwa herufi zinazosomeka. Maneno ya shabiki wa kweli yaondolewe. Yanawagawa watazamaji wenu na kuwafanya vijana waone haya kuuliza swali la msingi kuhusu hela yao.

Kwa ukumbi, ninaomba agizo la maandishi kwa wenye mitambo na wasimamizi wa zamu kwamba taa kubwa haziwashwi na filamu haizimwi hadi picha ya mwisho ipite. Desemba mtakuwa na filamu ndefu na umati mkubwa, na siku hiyohiyo ya tarehe 18 imepangwa kutoka pia filamu nyingine kubwa, Dune ya tatu, kwa hiyo kishawishi cha kubana ratiba kitakuwa kikubwa kuliko kawaida. Pangeni sasa, muda upo. Na kama mna nia ya kuipa Doomsday kumbi zote, nawasihi muache japo ukumbi mmoja kwa wale wasioitaka. Nao ni wateja, na wengine ni wa nyumbani kwangu.

Nakala ya barua hii nimeipeleka Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya biashara ya kupotosha. Sijafungua shauri. Nimewapa nakala ili, ikiwa sitapata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, hatua inayofuata isiwashtue.

Nimeambatisha nakala ya risiti pande zote mbili, ujumbe wa simu wa malipo, na picha ya bango niliyoipiga siku nilipolipa.

Wenu katika kupenda sinema,

Mteja
(Jina, saini na namba ya simu vipo kwenye ukurasa wa viambatisho)

Nakala: Tume ya Ushindani, Dar es Salaam