Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mwili wa mwanadamu hauna idara

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Lamu, ninakofundisha michezo. Nakuandikia kuhusu vyuo vinavyotuandaa sisi walimu.

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kufuata mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo. Sisi tulifunzwa mwili vipande vipande: muhula mmoja baiomekanika, yaani nguvu, kasi na pembe za viungo, muhula mwingine, kwa mhadhiri mwingine, namna ubongo unavyojifunza na kuongoza mijongeo. Naomba masomo haya mawili yawe kozi moja.

Miaka ya 1920 huko Moscow, Nikolai Bernstein, mtafiti wa mijongeo ya mwili, alipiga picha za mfululizo za wafanyakazi wakigonga patasi kwa nyundo. Nyundo ilifika palepale kila pigo, ilhali bega, kiwiko na kifundo cha mkono havikurudia mwendo uleule. Kiungo kimoja kikipotoka, kingine kinafidia. Ukipima pembe peke yake, utadhani fundi hana utaratibu. Ukisoma habari za ubongo peke yake, hutajua unasahihisha nini.

Hapa Lamu pia tunao mafundi. Wachonga milango wako mjini, waunda majahazi wako Matondoni. Kwa ridhaa yao, mwanachuo abandike utepe mweupe begani, kiwikoni na kifundoni, arekodi kwa simu mapigo ya fundi na ya mwanagenzi wake, kisha aeleze tofauti. Akiielewa, hatawalazimisha watoto 40 warushe mkuki kwa mkono unaopita njia moja.

Ila tafadhali, kuunganisha kusiwe njia ya kupunguza wahadhiri. Mhadhiri aliyebobea upande mmoja akiachiwa kozi nzima, upande wa pili atauparaza tu. Wawili waingie darasani pamoja, watunge mtihani pamoja, na maswali yawe yasiyojibika kwa nusu ya elimu. Ni gharama, najua, lakini bila hiyo ni heri masomo yabaki mbalimbali.

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ziko chini ya wizara yako. Ziite, zikae na wahadhiri, zianze na kozi hii moja. Wanafunzi hawa wa Gredi ya 10 watakuwa wanabisha hodi vyuoni mwaka 2029.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa michezo, Lamu