Baraza tunalitaka, lakini funguo anazo mtu mmoja

Ndugu mshauri, salaam.

Nakuandikia kutoka Chumbageni, Tanga. Tuna programu tunayoitengeneza kwa kujitolea, ya kutunza hesabu za vikoba: hisa, mikopo, faini, mfuko wa jamii na mgao wa mwisho wa mwaka. Ni programu huria, yeyote anaruhusiwa kuuchukua msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, kuurekebisha na kuugawa. Aliyeianzisha ni kaka yetu mmoja, ndiye aliyetufundisha kazi wengi wetu, na mpaka leo funguo zote anazo yeye: ghala la msimbo, jina la tovuti, hata laini ya simu inayopokea namba za uthibitisho.

Tulipokuwa wachache hapakuwa na shida. Sasa kaka kapata ajira Dar es Salaam, muda hana, na wachangiaji tumeongezeka mpaka Mombasa. Marekebisho yanalala wiki nzima bila kuguswa, kisha usiku mmoja yanapitishwa yote kwa mkupuo. Msimu wa mgao uliopita lilipita hivyo badiliko la faini: mtu ambaye hajalipa, akatwe kwenye hisa zake badala ya kuongezewa deni. Vikoba vingine ndivyo vinavyofanya, vingine havitaki hata kusikia. Mweka hazina wa kikoba kimoja cha Pongwe, mama mtu mzima, akafungua simu mbele ya wanachama na kuanza kusoma. Jina la kwanza, hisa kumi na mbili. Daftari linasema kumi na tano. Kesho yake tulirekebisha, lakini mama wa watu alishaitwa mwizi, na uweka hazina ameuacha. Jambo hili linaniuma mpaka leo.

Ndipo tukakubaliana tuwe na baraza la watu 5. Nimesoma habari za waliotutangulia. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mwanzilishi Guido van Rossum ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mwaka 2018, baada ya mvutano mkali juu ya pendekezo moja, alijiuzulu bila kutaja mrithi. Wachangiaji wakuu wakapigia kura mfumo wanaoutaka, na mwaka 2019 wakachagua baraza la watu 5, kwa sharti kwamba wanaotoka kwa mwajiri mmoja wasizidi 2. Sharti hilo nalipenda sana. Wachangiaji wetu wanaotuma kazi nyingi kuliko wote wanatoka kampuni moja, wanaandika msimbo mchana kutwa kwa mshahara, na sisi tunaandika usiku tukishatoka kazini. Si watu wabaya, ila wakijaa barazani, programu itafuata maslahi ya mwajiri wao.

Sasa van Rossum aliondoka mwenyewe. Kaka yetu yupo, na hataki ionekane kaondolewa. Nikigusia habari ya funguo ananiuliza, "Kwani mdogo wangu, huniamini?" Nakosa la kusema. Namwamini kabisa! Lakini simu yake ikiibwa kesho Kariakoo, hakuna hata mmoja wetu atakayeweza kuingia, na baraza lisilo na funguo litabaki kutoa maoni tu.

Kuna na suala la kura. Akina mama wanaotujaribia kila toleo kabla halijatoka, na waliotuandikia maelekezo kwa Kiswahili kinachoeleweka, hawajaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Vijana wanasema kura ni ya anayeandika msimbo. Mimi nakataa. Debian, mradi wa programu huria wenye katiba tangu 1998 na unaochagua kiongozi wake kila mwaka, uliamua mwaka 2010 kuwapokea kama wanachama kamili, wenye kura, hata wasiotengeneza vifurushi vya programu. Ninachohofia ni kikoba kimoja kuleta wanachama wake wote siku ya uchaguzi.

Wapo wanaosema tuchukue msimbo twende zetu, leseni inaruhusu. Mwishoni mwa 2014 baadhi ya wachangiaji wa programu huria ya Node.js walifanya hivyo wakaanzisha yao, io.js, na 2015 pande mbili zikarudiana. Sisi tukigawanyika, vikoba vitabaki na programu mbili zenye hesabu mbili, na watakaoitwa wezi ni waweka hazina.

Naomba ushauri wako. Tumpe kaka kiti cha mwaka wa kwanza bila kupigiwa kura, ilimradi funguo zishikwe na watu watatu kabla ya uchaguzi? Au uchaguzi utangulie, baraza lenyewe ndilo limwendee? Na nani akazungumze naye: sisi wadogo zake, au nimtume mtu mzima anayeheshimiana naye? Pia mtu asiyeandika msimbo apimwe kwa kipi ili apate kura?

Wachangiaji tunakutana baada ya Idi. Nitashukuru nikipata jibu kabla ya hapo.

Mchangiaji,
Chumbageni, Tanga