Mrudi na kwa aliyepata nafuu

Mhariri,

Mwimbaji Ray C alipozidiwa na heroini, nchi nzima ilijua. Mwaka 2012 Rais Kikwete alimsaidia kupata matibabu, na baadaye Ray C mwenyewe akasimulia hadharani aliyopitia. Namshukuru sana kwa ujasiri ule. Umetufaa hata sisi huku Mwanza.

Mdogo wangu alikuwa akipakia dagaa Mwaloni, Kirumba. Siku aliyobanwa na arosto, yale mateso ya mwili ukikosa heroini, alijikunja juu ya magunia, makamasi yanamtoka, anatetemeka kwenye jua kali, na vijana wamemzunguka wanamrekodi kwa simu. Video ilifika nyumbani kabla yake. Mama alijifungia ndani siku mbili. Alipotoka alisema, "Mbona Ray C alitibiwa?"

Sasa mdogo wangu anakwenda kliniki kila asubuhi. Anapewa methadoni, dawa ya kunywa badala ya heroini, kwenye kikombe kidogo, anaimeza mbele ya muuguzi, kisha anaongeleshwa ili ionekane hajaificha mdomoni. Inamzuia arosto kutwa nzima, anafanya kazi. Tiba hii ni ya muda mrefu, na wapo wanaoteleza wakaanza upya. Nauli ya kila siku nayo ni mzigo, tusidanganyane.

Ninawaomba waandishi muache kuandika "teja" kwenye vichwa vya habari. Na msanii akianguka mnajaa mlangoni kwake na kamera. Basi rudini pia mwaka wa pili, wa tatu, mumuulize anaendeleaje na nani anamsindikiza kliniki.

Dada wa mraibu,
Kirumba, Mwanza